Nani Anamlipa Wakala Wako wa Mkopo wa Nyumba?

Jamaa na majirani wanaonifuata kuniuliza habari za mkopo wa nyumba, karibu wote huanza na riba. Benki ipi ina nafuu, wanatoa asilimia ngapi, miaka mingapi. Ni maswali ya msingi, ila mimi huwatangulizia jingine: huyo mtu aliyekuahidi kukupitishia mkopo, analipwa na nani?

Mimi ni mwalimu hapa Tabora, mume wangu anafanya biashara ya asali. Nyumba tunayoishi Ipuli tuliinunua kwa mkopo wa benki, na tulisaidiwa na wakala. Kwa hiyo siwaambii watu wasitumie wakala. Wakala mzuri alitusaidia sana. Ninachotaka ni mtu amjue vizuri aliyekaa naye mezani kabla hajamkabidhi kopi ya hati na hati ya mshahara.

Huku kwetu mkopo wa nyumba bado ni jambo geni. Wengi wetu tumekulia kwenye utaratibu wa kununua kiwanja, kupandisha msingi, kusubiri mavuno au malimbikizo ya mshahara, kisha kupandisha kuta. Sheria iliyonyoosha mambo ya rehani za nyumba ni ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumkopesha mtu kwa miaka 15 au 20. Kabla ya hapo benki ilikuwa na amana ambazo wateja wanaweza kuzichukua kesho, sasa itamkopeshaje mtu kwa miaka 20? Ugeni huo ndio unaowapa nafasi watu wa kati. Mteja hajui njia, anamshika mkono wa kwanza anaoukuta.

Kwa nilivyoona mimi, anayejiita wakala wa mikopo hapa mjini huwa mmoja kati ya watatu. Kuna afisa mauzo wa benki yenyewe, ambaye ana malengo ya mwezi na hawezi kukuambia kwamba benki ya jirani ina masharti mepesi zaidi. Kuna dalali wa nyumba anayefahamiana na maafisa mikopo. Huyu udalali wake unatoka kwenye mauzo, kwa hiyo anataka biashara ifungwe haraka na kwa bei ya juu. Halafu kuna mtu huru, mara nyingi aliyewahi kufanya kazi benki, anayekuandalia makaratasi na kukulinganishia benki kadhaa. Wote watatu wanaweza kuwa watu waaminifu. Lakini kila mmoja anavutwa na mkono unaomlipa, na wewe una haki ya kuuona mkono huo.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza ananiambia kule wakala wa rehani lazima awe ameidhinishwa na mamlaka yao ya FCA, na lazima amweleze mteja mapema analipwaje, na kama anatafuta soko zima au benki chache tu. Sisi tunaweza kuuliza maswali hayo hayo kwa mdomo wetu, na tukaomba majibu yaandikwe.

Wakala tuliyemchagua ni mama mmoja aliyewahi kuwa afisa mikopo. Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujamwonyesha karatasi hata moja, alichukua daftari akatuandikia: benki fulani hunipa kamisheni, benki fulani hainipi kitu, na kwenu ninataka laki tatu, mtanilipa mkopo ukishatoka. Usipotoka hamnidai na siwadai. Akasaini, nasi tukasaini. Wa kabla yake alitaka laki mbili za "kufungulia faili" na hati halisi ya nyumba akae nayo yeye. Tulimshukuru tukaondoka. Hati halisi inakwenda benki, kwa barua ya makabidhiano yenye mhuri. Wakala kopi inamtosha. Na ada za serikali hulipwa kwa kontroo namba. Ukiona mtu anakupa namba ya simu ili utume hela ya ofisi ya ardhi, simama hapo hapo.

Sasa riba, maana ndiko watu wanakoumizwa huku wanatabasamu. Wakala akikwambia "nimekupatia asilimia 10", muulize: ya bapa au ya salio linalopungua? Riba ya bapa inakokotolewa kwa mkopo wote wa mwanzo, mwaka hadi mwaka, hata kama umeshalipa nusu. Riba ya salio linalopungua inatozwa kwenye deni lililobaki tu. Chukua mkopo wa milioni 40 kwa miaka 15. Kwa asilimia 10 ya bapa, riba ni milioni 4 kila mwaka, mara 15 ni milioni 60. Jumla utarudisha milioni 100, yaani kama 556,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 ya salio linalopungua, marejesho ni kama 560,000 kwa mwezi, jumla kama milioni 100 na laki nane. Umeona? Kumi na kumi na tano zimekutana mlango mmoja. Mtu aliyekataa ofa ya 15 akakimbilia ya 10 hajaokoa chochote cha maana, na akitaka kumaliza deni mapema anaweza kukuta amejifunga vibaya zaidi.

Kwa hiyo usilinganishe asilimia peke yake. Mwambie wakala akuandikie mambo matatu kwa kila benki: marejesho ya mwezi, jumla utakayorudisha hadi mwisho, na makato yote ya mwanzo, yaani ada ya mkopo, uthamini, bima ya maisha ya mkopaji, bima ya nyumba, na gharama za mwanasheria na kusajili rehani. Hapo ndipo tofauti ndogo inapoonekana ukubwa wake. Mkopo ule ule wa milioni 40 ukitoka asilimia 15 kwenda 17 ya salio linalopungua, marejesho yanapanda hadi kama 616,000, na kwa miaka 15 unaongeza takriban milioni 10. Kwa bei za huku kwetu, hiyo ni hela ya kiwanja kingine.

Kipimo cha pili cha wakala ni je, anakuambia ukweli kuhusu mshahara wako? Watumishi wa umma tunajua kanuni ya theluthi: makato yote yakishatoka, lazima ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara. Tuchukue mshahara wa msingi wa 1,200,000. Makato yasizidi 800,000. Kabla ya mkopo wowote kuna mfuko wa hifadhi asilimia 5, ambayo ni 60,000, bima ya afya asilimia 3, yaani 36,000, kodi ya mapato kama 170,000, na kama bado unadaiwa na bodi ya mikopo ya elimu ya juu ni asilimia 15, sawa na 180,000. Hapo 446,000 imeshaondoka. Nafasi iliyobaki ni 354,000, na bado sijagusa ada ya chama wala mkopo mdogo uliochukua kwa ajili ya ada ya mtoto. Kwa asilimia 15 na miaka 15, nafasi hiyo inabeba mkopo wa kama milioni 25. Wakala anayemwahidi mtu huyu milioni 40 kwa mshahara huo peke yake anamdanganya, au ana mpango wa karatasi ambazo mwenzangu usizisaini.

Wa kwetu alitufanyia hesabu hii, akasema wazi mshahara wangu hautoshi, tuombe kwa pamoja na mume wangu. Tatizo likawa kwamba biashara ya asali ni ya fedha taslimu. Wakulima wanalipwa mkononi, wanunuzi wanalipa mkononi, na benki haiwezi kuona kipato kilichopita mfukoni. Akamwambia mume wangu: "Baba, kuanzia sasa kila ndoo unayouza, hela ipite kwenye akaunti kwanza, hata kama utaitoa jioni. Turudi benki baada ya msimu." Mtu mwenye haraka na kamisheni asingetoa ushauri wa kusubiri msimu mzima. Kwangu mimi ushauri huo ulizidi thamani ya laki tatu zake.

Kuhusu nyumba yenyewe, wakala hachukui nafasi ya ofisi ya ardhi. Benki inataka hati miliki. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa haitatosha, hata iwe na mashahidi kumi. Kabla ya kulipa kianzio omba utafutaji rasmi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, kama nyumba ina rehani ya mtu mwingine, na kama kuna zuio. Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati, kwani hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza isifike mwisho wa mkopo wako. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji na inalipwa TRA kabla ya uhamisho, na ushuru wa stempu huwa wa mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, msije mkagombana mlangoni.

Jambo la ndoa nalisema kwa msisitizo, hasa kwa akina mama wenzangu. Sheria ya Ardhi haiitambui rehani ya nyumba ya familia ambayo mwenzi hakuridhia. Wakala akisema "saini ya mama tutaitafutia njia", au amlete mwanamke mwingine asimame kama mke, hiyo ni jinai. Na ukiletewa fomu ya kuridhia, soma. Unaweka rehani paa la watoto wako, na mkopo ukikwama benki inakupa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua, ikiwemo kuuza.

Barua ya ofa ikija, isome nyumbani, usiisome kaunta. Sisi tuliisoma mezani usiku kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na wakala tulimpigia simu kesho yake tukiwa na maswali. Tafuta kama riba imefungwa au benki inaweza kuibadilisha, faini ya kuchelewa, na faini ya kulipa mapema. Kama lugha inakushinda, omba ufafanuzi kwa Kiswahili, ni haki yako kuelewa kabla ya kusaini.

Na siku mkopo utakapoisha, kazi bado ipo moja: dai benki barua ya kumaliza deni, chukua hati yako, kisha hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la Msajili. Hakuna atakayekufuatilia kwa hilo, maana hakuna anayelipwa kamisheni kwa kufuta rehani.