Maswali na majibu: Stenti imeingia, je, imefunguka?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu vifaa vya picha vinavyopenyezwa ndani ya mishipa ya moyo wakati wa kuzibua kwa puto na kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Nimeyafupisha, makali yake nimeyaacha yalivyo.

Shikamoo daktari. Baba alizibuliwa mshipa wa moyo akawekewa stenti. Kwenye ripoti kumeandikwa IVUS. Si alikuwa chini ya eksrei muda wote? Picha ya pili ya nini?

Marahaba, na mpe mzee pole. Eksrei ile, yaani anjiografia, haioneshi mshipa. Inaonesha dawa ya rangi inayopita ndani yake. Ni kama kukisia unene wa bomba kwa kutazama maji. Ukuta, ambako mafuta na kalsiamu vimejazana, hauonekani. Tena ukuta wenyewe una hila: mafuta yanapoanza kujaa, mshipa hutanuka kwa nje na njia ya damu hubaki ilivyokuwa. Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walilieleza hilo mwaka 1987: njia huanza kubanwa mafuta yakishachukua kama asilimia 40 ya nafasi. Kwa hiyo mshipa unaweza kuonekana laini kwenye eksrei, kumbe umeugua mwanzo hadi mwisho, na daktari akachagua stenti ndogo kuliko inayotakiwa.

IVUS ni ultrasaundi, ndugu wa ile ya wajawazito, ila kifaa chake kina unene wa kama milimita 1 na hupita juu ya waya ule ule unaobeba puto. Huvutwa polepole kurudi nyuma huku kikichora ukuta mzunguko mzima. Daktari anajua stenti iwe pana kiasi gani, ianzie wapi, iishie wapi. Akishaiweka, hupitisha kifaa tena kukagua kazi yake.

Huo ukaguzi wa mwisho ndio ninaouthamini kuliko yote. Piga hesabu: stenti ya milimita 3 ikifunguka kamili inatoa njia ya milimita za mraba 7 hivi. Ikikwama kwenye 2.5, inabaki chini kidogo ya 5. Kwenye skrini ya eksrei hiyo ni nusu milimita, nani ataiona? Kwa damu, karibu theluthi ya njia imepotea, na stenti iliyobanwa ndiyo yenye tabia ya kugandisha damu au kuziba upya.

OCT nayo ni hiyo hiyo kwa jina jingine?

Hapana. IVUS hutumia sauti, OCT hutumia mwanga, ule wa infraredi usioonekana kwa macho. Picha yake ni kali takriban mara 10: inatenganisha vitu vya maikroni 10 hadi 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Vyuma vya stenti unaviona kimoja kimoja, nukta zinazong'aa zilizojipanga duara, kila nukta na kivuli chake nyuma. Ukikuta pengo jeusi kati ya nukta na ukuta, ujue hapo stenti inaelea haijashika, na puto kubwa zaidi linaingizwa kuisukuma. Mchaniko mdogo kwenye ukingo wa stenti, ambao eksrei ingeupita kimya, nao unaonekana.

Udhaifu wake ni kwamba mwanga haupenyi damu, kwa hiyo damu husukumwa pembeni kwa dawa ya rangi kwa sekunde chache picha ikichukuliwa. Pia hauzami ukutani zaidi ya milimita 1 au 2. Pale mshipa mkuu wa kushoto unapochomoza kutoka kwenye aota, ile ateri kubwa inayotoa damu moyoni, damu ni vigumu kuiondoa, na hapo IVUS ndiyo chaguo. Kwingine, daktari atumie ile aliyoizoea. Utafiti wa Korea Kusini uliotoka mwaka 2023, wenye wagonjwa 2,008, ulizilinganisha na haukuona OCT ikipitwa.

Inauma? Ni hatari?

Haiumi. Wengine huhisi kifua kubana kidogo kifaa kikiwa ndani, kisha kunaachia. Mshipa unaweza kukakamaa, ndiyo maana hutangulizwa nitroglisirini, dawa ya kulegeza mishipa. Kuchanika kwa mshipa kwa sababu ya kifaa hutokea, ila mara chache sana.

Mama ana figo dhaifu na ameambiwa apunguziwe dawa ya rangi. Picha hizi si zitaongeza?

OCT itaongeza. IVUS haihitaji dawa ya rangi hata tone, na kwa mkono uliozoea inaweza kuipunguza sana, kwa sababu vipimo vingi vinapatikana bila kupiga rangi tena na tena. Kwa mama yako ningeomba IVUS, na ningetaja figo kabla hajalazwa kitandani.

Niliambiwa mshipa una kalsiamu, "ulikuwa mgumu kama jiwe". Puto halikutosha?

Kalsiamu nyingi hukataa puto. Ukilazimisha shinikizo, puto hupanuka upande laini, na upande wa jiwe unabaki vile vile. Picha ya ndani inasaidia kwa sababu inapima jiwe lenyewe. OCT ikionesha kalsiamu imezunguka zaidi ya nusu ya mshipa, ina unene unaopita nusu milimita na urefu unaopita milimita 5, tunajua stenti haitafunguka kabla jiwe halijavunjwa. Huvunjwa kwa kukeketwa na kichwa kidogo cha almasi kinachozunguka kwa kasi, au kwa puto maalumu linalotoa mawimbi ya mshtuko, wazo lililoazimwa kutoka matibabu ya mawe ya figo.

Mpangilio una maana hapa. Stenti ikishawekwa juu ya jiwe ambalo halijavunjwa, kurekebisha ni kazi ngumu mno. Picha ipigwe kabla, isisubiri stenti iingie.

Nikuulize bila kukwepa: hii ni tiba au ni njia ya kunenepesha bili?

Swali halali. Utafiti mwingine wa Korea Kusini, mwaka 2023, wagonjwa 1,639 wenye mishipa yenye matatizo magumu: walioongozwa kwa picha za ndani, asilimia 7.7 walipata kifo cha moyo, shambulio la moyo kwenye mshipa uliotibiwa, au kurudi kuzibuliwa. Wa eksrei peke yake, 12.3. Mwaka huo huo utafiti mkubwa wa OCT wenye watu 2,487 ulionesha stenti zilifunguka zaidi, lakini tofauti ya matukio hayo kwa jumla haikuwa ya kutegemewa.

Msimamo wangu: kwa ugonjwa mfupi, mwepesi, ulio peke yake, sitagombana na daktari aliyefanya bila picha. Kwa mshipa mkuu wa kushoto, kwa njia panda ya mishipa, au kwa stenti ndefu, kutotumia picha kunahitaji sababu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 nao umeyapa matumizi haya daraja la juu kabisa kwa ugonjwa wa namna hiyo.

Stenti yangu iliwekwa miaka sita iliyopita bila picha yoyote ya ndani. Nirudi ikaguliwe?

Kama huna maumivu ya kifua na unapanda ngazi bila kuhema kupita kawaida yako, hapana. Hatuingizi katheta, ule mrija mwembamba, kwenye moyo kwa udadisi. Endelea na dawa ulizopewa. Dalili zikirudi, au stenti ikionekana imebana, hapo ndipo picha ya ndani inahitajika, kwa sababu kuziba upya kuna sababu tofauti: stenti haikufunguka tangu siku ya kwanza, nyama imeota ndani yake, mafuta mapya yamejaa, au chuma kimevunjika. Eksrei itakuonesha tu kwamba pamebana. Stenti ambayo haikufunguka hutanuliwa, iliyoota nyama mara nyingi hupakwa dawa kwa puto, na kuongeza stenti ya pili juu ya iliyobanwa bila kujua kwa nini ni kurudia kosa lile lile kwa chuma zaidi.