Mchawi anayesahau

Shikamoo, Mjomba. Tumeanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi mezani, hapa Minneapolis. Mwenzetu kaleta kitabu cha zamani cha sheria zake, na humo mchawi akishatamka maneno yake mara moja, yanamtoka kichwani mpaka kesho. Huu si upuuzi?

Marahaba, mpwa wangu. Upuuzi huo una mwenyewe: Jack Vance, mwandishi wa hadithi wa Marekani. Katika The Dying Earth, kitabu chake cha 1950, mchawi hukariri maneno machache tu, kwa kuwa ni mazito, na akiyatamka yanafutika. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo wenu, alimpenda Vance, na mchezo ulipotoka 1974 mtindo ukawa huo. Mimi niko upande wake, sifichi. Ukiwa na moto mmoja tu kichwani, unafikiri kabla hujaurusha. Wangu niliumaliza kwa panya, halafu likatokea zimwi! Toleo la nne, 2008, likampa mchawi mashambulizi ya kurusha kila zamu bila kuisha. Ugomvi wa mashabiki usiulize. La tano, 2014, limesuluhisha kidogo: maneno yanabaki kichwani, nguvu ndiyo inayopungua. Wenzako wakigoma kukariri, chezeni hilo. Ila Vance msome. Hata matapeli wake huibia watu kwa maneno ya adabu.