Zuhura mwanangu, msitulie bado

Mwanangu Zuhura,

Meseji yako niliipata jana usiku, na usingizi ukanipaa. Umesema kocha wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kimoja hapa Marekani amempigia Idi simu, amemwambia "una ofa kwetu", na mjukuu wangu amekubali papo hapo. Unauliza kama sasa mtulie, muachane na vyuo vingine. Hapana, mwanangu. Msitulie bado.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri yaliyompata kaka yako Salimu. Naye aliahidiwa hivyo hivyo kwa simu, kiangazi kabla ya mwaka wake wa mwisho wa haiskuli. Tulipika pilau, tukapiga simu mpaka Tanga. Baba yako akawajibu makocha wengine wawili kwamba kijana ameshapata chuo. Desemba yule kocha akaondoka, akaja mwingine na vijana wake anaowataka. Hakuna aliyetuambia kitu. Jumatano ya kwanza ya Februari iliyofuata, siku ya vijana kusaini mikataba na vyuo, niliomba ruhusa kazini nikasimama naye ofisini kwa shule tangu saa moja asubuhi, maana enzi zile karatasi zilikuja kwa faksi. Alivaa shati jeupe nililolipiga pasi usiku. Kila mashine ikilia, anainuka. Ilipofika saa sita akavua tai, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. "Mama, nenda kazini," akaniambia.

Ofa ya mdomo haimfungi kocha, wala haimfungi Idi. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa. Hata ile barua ya ahadi ya kitaifa, iliyomfunga kijana na chuo enzi za Salimu, ilifutwa Oktoba 2024. Kwa hiyo Idi amuulize kocha, kwa adabu na bila kuona haya: ufadhili ni kamili au ni sehemu? Nitasaini lini? Au naitwa nijiunge na timu kwa gharama zetu wenyewe? Nafasi zimebana sana. Vyuo vikubwa vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa 2025 wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye timu, na kocha anaweza kumchukua kijana wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine, ambaye mwili wake umeshakomaa. Mtoto wetu ana miaka 16.

Kuhusu zile barua za kualikwa kambini, tazama ni nani anayetoa pesa. Nyingi hutumwa kwa watoto wengi mno, na ada mnalipa ninyi. Ziara rasmi hulipiwa na chuo. Mpelekeni kambi ya chuo ambacho kocha wake ameshaitazama video ya Idi na anajua anacheza namba gani.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni masomo. Salimu alipangiwa hesabu nyepesi shuleni, akaipasi vizuri, kumbe haimo kwenye orodha ya masomo yanayokubaliwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Tuligundua Machi, ikabidi asome darasa la kiangazi huku wenzake wakipumzika. Kwa Divisheni ya kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, wanadai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4. Kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla hajaanza mwaka wa mwisho, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Akishavuka hapo, hawezi kuyarudia ili kupandisha alama. SAT, ule mtihani wa kuingilia chuo, hawaidai tena, na ndiyo maana wazazi wengi wanajisahau.

Usidharau vyuo vidogo. Salimu alienda Divisheni ya pili kwa ufadhili wa sehemu, tukajazia kwa msaada wa serikali, na shahada yake iko ukutani kwangu. Divisheni ya tatu hawatoi pesa za michezo, ila wanaweza kumpa za masomo.

Kesho nenda shuleni kwa Idi ukaombe transkripti yake, ile karatasi ya masomo na alama zake zote. Nipigie Jumapili baada ya chakula cha mchana, tuisome pamoja mstari kwa mstari, na Idi mwenyewe awe amekaa hapo.

Mama yako