Deni la Mume Wangu na Nyumba Tuliyotaka Kununua

Madeni ya mume wangu niliyajulia mbele ya afisa mikopo. Nyumba tulikuwa tumeshaipata, tumeshaizunguka mara tatu, na moyoni nilikuwa nimeshachagua chumba cha watoto. Afisa akasoma taarifa zetu za mikopo kisha akasema kwa upole, "Hapa naona mikopo mitatu na udhamini mmoja." Mimi nilikuwa najua mkopo mmoja tu. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza.

Mume wangu si mwongo. Alikuwa anaona aibu, na kila mwezi uliopita bila kusema ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nalisema hili mapema kwa sababu mwenye kugundua deni la mwenzake hukimbilia kuhesabu uongo badala ya kuhesabu deni. Nilifanya hivyo kwa siku tatu nzima. "Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza hadi akaacha kujibu. Siku ya nne nikabadili swali: nani anatudai, kiasi gani, kwa riba gani, hadi lini? Baadaye aliniambia kwamba lile neno "anatudai" ndilo lililomfanya aende kuleta karatasi.

Karatasi ni muhimu kuliko maelezo ya mdomo. Mwenye deni mara nyingi hajui anadaiwa kiasi gani hasa. Anajua rejesho la mwezi tu. Sisi tuliomba kila mkopeshaji atupe taarifa ya salio, na kila mmoja wetu akaomba ripoti yake ya mikopo. Humo tukakuta mkopo ambao mume wangu alishaumaliza, lakini bado ulisomeka kuwa unadaiwa. Kuuondoa kulitaka barua ya uthibitisho na wiki kadhaa za ufuatiliaji. Kwa hiyo ukimaliza deni lolote, dai barua ya kumaliza siku hiyohiyo, uitunze, kisha uhakikishe kumbukumbu zimerekebishwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kazi ni kujua lianze lipi. Sisi tulianza na lenye riba kubwa, ingawa halikuwa kubwa kwa kiasi. Hesabu iliyonishtua ni hii: deni lenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ukilipa kila mwezi 3 kwa kila 100 ulizokuwa unadaiwa mwanzoni, litakuchukua takriban miezi 56. Ukilipa 6, linakwisha ndani ya miezi 21. Rejesho limezidi mara mbili tu, muda umepungua zaidi ya nusu, na riba yote utakayolipa inashuka kutoka karibu 66 hadi karibu 23 kwa kila 100.

Angalia pia riba inavyokokotolewa. Mkopo mmoja wa mume wangu uliandikwa asilimia 12 kwa mwaka, tukaudhani ni nafuu. Kumbe riba ilikuwa inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata juu ya fedha alizokwisha kurudisha. Kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, asilimia 12 ya namna hiyo ni sawa na karibu asilimia 21 ya riba inayohesabiwa juu ya salio linalopungua.

Ule udhamini ndio uliotuumiza kichwa. Mume wangu alimdhamini ndugu yake miaka iliyopita na akasahau, maana ndugu alikuwa analipa vizuri. Lakini mdhamini amekubali kulipa endapo mkopaji atashindwa, na mkopeshaji wetu aliuhesabu kama mzigo uliopo. Kumwambia ndugu "nitoe kwenye mkopo wako" ni jambo zito katika familia. Tulikwenda sote wawili, tukamweleza mpango wetu wa nyumba, tukaomba atafute mdhamini mwingine au dhamana ya mali. Ilichukua miezi 5, na ilibidi mkopeshaji wake akubali kwa maandishi. Muulize mwenzako swali hili peke yake, mbali na lile la madeni: umemdhamini nani? Wengi hawauhesabu udhamini kuwa deni.

Njia ya mkato ilikuwepo, na tulikaribia kuifuata: mimi nikope peke yangu kwa jina langu lililo safi, yeye achangie rejesho kimyakimya. Tuliacha kwa sababu mbili. Kwanza, kipato changu peke yangu kingebeba mkopo mdogo, na rejesho lingekula karibu nusu ya mshahara wangu. Pili, mume wangu angelipia kwa miaka mingi nyumba ambayo jina lake halimo kwenye hati. Mkiamua kuifuata hata hivyo, andikeni makubaliano kwa msaada wa mwanasheria kabla ya rejesho la kwanza. Na mkisaini wote wawili, jueni kwamba kwa kawaida benki haiwagawii deni nusu kwa nusu: mmoja akishindwa, mwingine anadaiwa lote.

Kuhusu akiba yangu, nilitoa sehemu yake kumaliza lile deni la riba kubwa. Tulikubaliana mapema kama ni zawadi au ni mkopo, tukaandika, tukasaini. Wapo watakaosema kuandikishana ndani ya ndoa ni kukosa imani. Mimi karatasi ile imenipa usingizi, kwa sababu hata tukigombana kuhusu jambo jingine, sijawahi kumkumbusha zile fedha. Sehemu ya akiba iliyobaki hatukuigusa. Kumaliza deni kisha kubaki mikono mitupu ni kujiandalia mkopo mwingine mtoto akiugua.

Nyumba ile ya kwanza ilinunuliwa na watu wengine. Nililia, sitaficha. Tulisubiri miezi 19, na katika muda huo hatukukopa chochote, hata kifaa cha nyumbani kwa mafungu, kwa sababu mkopeshaji anaweza kukagua taarifa zenu tena siku chache kabla ya kutoa fedha.

Wasomaji wawili wameniuliza: mwenzangu akikataa kuonyesha karatasi, nifanyeje? Mpe muda, usimpe saini. Mwambie waziwazi unachosubiri, na endelea kuweka akiba kwa jina lako. Akileta karatasi moja leo na nyingine mwezi ujao, zipokee bila kupandisha sauti, kaa naye, mzisome pamoja.