Jina moja kwenye karatasi zote: jibu kwa aliyeuliza kuhusu rafiki yake wa Kayole

Usimpeleke rafiki yako kituoni kesho kabla hamjarudi hospitalini. Umeandika kwamba mwanamke transjenda (aliyeandikishwa mwanaume alipozaliwa) unayeishi naye Kayole, Nairobi, alipigwa na vijana Jumapili usiku na kuvuliwa nguo mbele ya watu, kwamba hospitalini mlimwandikisha kwa jina ambalo mtaa mzima unamwita, na kwamba polisi mtawapa lile la kitambulisho ili mambo yaende haraka. Kisha unauliza kuhusu kodi ya nyumba, video iliyopigwa na jirani na mkesha wa Novemba. Hayo yanaweza kungoja. Hili la majina mawili litaiua kesi yenu kabla haijasikizwa, nami siwezi kulisoma na kunyamaza.

Mdogo wangu ni mwanamke transjenda. Alipovunjwa mkono karibu na steji moja huku Eastlands, mtu wa kujitolea kutoka kikundi kimoja cha utetezi alituambia kwa uhakika mkubwa kwamba jina ni haki ya mtu, hivyo hospitalini aandikwe anavyopenda, na polisi waachiwe waandike wanavyopenda, kwa kuwa mbele ya safari karatasi zingeoanishwa. Hakuna aliyezioanisha. Kadi ya matibabu na picha ya eksirei zilikuwa na jina lake analolitumia. Kitabu cha matukio, taarifa yake na hati ya mashtaka zilikuwa na jina la kitambulisho. Fomu ya P3 hutolewa na polisi, na daktari huijaza kwa kumpima majeruhi na kutazama kumbukumbu za matibabu. Kwa hiyo fomu yetu ilitaja mtu mmoja, na kadi iliyoitegemea ikamtaja mtu mwingine. Daktari aliyemtibu usiku ule alikuwa amehamishwa, na aliyekuja mahakamani badala yake hakuweza kuapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja.

Hata hilo lingevumilika kama si shahidi wetu mkuu. Mama anayeuza mboga pale steji aliona kila kitu, na alikuja kortini akiwa ameacha biashara yake ya siku nzima. Wakili wa washtakiwa alimuuliza kama anamjua mtu aliyetajwa kwenye hati ya mashtaka, akalitamka lile jina la kiume polepole. Mama yule alijibu kwa ukweli wake wote kwamba hajawahi kulisikia jina hilo maishani mwake. Mdogo wangu alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake. Kiongozi wa mashtaka hakuomba hati irekebishwe, mpelelezi alikuwa akitazama simu yake, na vijana wale waliachiliwa. Yule mshauri wetu hakufika kortini hata siku moja, wala hakuwahi kutuuliza kesi iliishaje, na bado nasikia anawashauri watu wengine. Mtu asiyejua hati ya mashtaka inavyosomwa hana haki ya kumwelekeza aliyevunjwa mkono.

Kwa hiyo rudini hospitalini leo. Mwombeni karani wa kumbukumbu aongeze jina la kitambulisho kwenye kadi, likifuatiwa na maneno "anayejulikana pia kama" na jina lake analolitumia, kisha atie sahihi na tarehe. Jina lililoandikwa mwanzo lisifutwe. Maneno hayohayo yaandikwe kwenye kitabu cha matukio, kwenye taarifa yake, kwenye P3 na kwenye taarifa ya kila jirani. Fomu ya P3 ndiyo inayosema kama aliumizwa kiasi au vibaya sana, na tofauti hiyo ni kubwa: kumshambulia mtu na kumdhuru mwili kuna kifungo kisichozidi miaka 5, ilhali madhara makubwa yanaweza kumpeleka mtu jela maisha. Kwa kuwa alivuliwa nguo, muulizeni pia aliguswaje. Kama kulikuwa na shambulio la kingono, dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na nguo alizovaa zihifadhiwe bila kufuliwa, kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki.

Najua lile jina la kitambulisho linamuumiza. Mdogo wangu hulia akilisikia. Jina linaweza kubadilishwa kisheria, na mwaka 2014 Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa Kenya, alishinda Mahakama Kuu hadi Baraza la Mitihani likaamriwa kumpa cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Lakini hiyo ni kazi ya miezi na pengine miaka, nanyi mnazo siku chache tu kabla majeraha hayajafifia.

Kama anahofia kwamba polisi watamgeukia yeye, hofu yake ina msingi, ila asiende peke yake. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba kuwa transjenda ni kosa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mwanamke transjenda aliyevuliwa nguo na polisi baada ya kukamatwa Thika alipwe shilingi 200,000 kwa kuvunjiwa heshima, ambayo Katiba inailinda katika kifungu cha 28. Nendeni na jirani mmoja mtu mzima, ombeni dawati la jinsia, na mkihitaji mwelekezo pigeni 1195, nambari ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, ambayo ni bure.

Majirani waliomfunika leso na kumwingiza ndani ndio nguvu yenu, kuliko kikao chochote cha nyumba kumi kitakachowaomba msameheane. Waandikishe taarifa wiki hii, kila mmoja akisema kwamba anamjua mtu huyu kwa majina yote mawili. Video msiisambaze, kwa maana anaonekana akiwa uchi. Ibaki kwenye simu iliyoipiga na mpelelezi aonyeshwe. Kuhusu mkesha, tarehe 20 Novemba hukumbukwa watu transjenda waliouawa, na desturi hiyo ilianza Marekani mwaka 1999 kwa sababu ya Rita Hester, mwanamke transjenda aliyeuawa mwaka 1998 huko Boston bila muuaji wake kupatikana. Rafiki yako yu hai na anaweza kuwatambua waliompiga.

Mkifika kaunta, askari akishaandika, mwombeni awasomee alichoandika kabla hamjapokea nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kama majina yote mawili hayamo, msiondoke.