Muulize Shangazi Mifugo: Nani kala kuku wangu?

Mwezi huu bahasha ya barua imejaa manyoya. Sijui ni kiangazi kimewasukuma wanyama majumbani au ni sisi tumejenga hadi mlangoni kwao, lakini kila barua ya pili ina mnyama mwenye meno. Nimechagua tano. Wa ng'ombe wanaoharisha na wa kwato wanisubiri toleo lijalo.

*Shikamoo Shangazi. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Babati. Jumatatu jioni nilifunga banda likiwa na mitetea 14 na jogoo. Asubuhi nikakuta mitetea tisa imekufa. Miwili haina vichwa, mingine imeng'atwa shingoni na haijaliwa kabisa. Banda ni la mbao na wavu, mlango una kufuli. Mume wangu anasema ni nguchiro. Jirani anasema ni mkono wa mtu. Nifanyeje kabla hawajaisha?*
*Mama Kuku, Babati*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kuku tisa ni ada ya mtoto, najua.

Nguchiro yule wa kutembea kwa makundi mwondoe kwenye kesi. Huyo ni mtu wa mchana. Jua likizama amelala shimoni na ukoo wake mzima. Mashtaka yake ni mayai na vifaranga, tena yai hulirusha kinyumenyume katikati ya miguu ya nyuma lipasukie kwenye jiwe. Usiku hayumo. Mkono wa mtu nao uondoe. Mwizi wa miguu miwili hawezi kukuachia supu ya siku tisa. Ukikuta banda tupu, damu hakuna, unyoya hakuna, na jogoo hakuwika, hapo sawa, huyo kavaa viatu.

Kwa ulivyoeleza, namshuku kanu. Ni mnyama mwembamba wa kilo mbili hivi, ana madoadoa mwilini na mkia mrefu wenye pete, wengi humwita paka pori. Hupanda ukuta kama mjusi, na penye upenyo wa kupitisha kichwa, mwili wote unafuata. Huua kwa kung'ata shingo au kichwa, na akianza kula huanzia huko juu.

Mume wako atauliza kwa nini aue tisa ale wawili. Watu husema ni roho mbaya. Sikubali. Kichakani kanu akimshika kanga mmoja, wenzake wanaruka na kumwachia. Bandani hawana pa kurukia. Wanapiga mbawa mbele ya pua yake, naye kaumbwa kung'ata kinachopapatika. Hajui kwamba wewe umefunga kufuli.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mwaka niliostaafu, baada ya miaka 31 ya kuwafundisha wenzangu ufugaji, nilipoteza kuku sita ndani ya wiki mbili hapahapa Usa River. Nilimshika paka wa jirani kwa maneno, tukanuniana na mwenyewe hadi kwenye kikao cha kikoba. Ndipo nikakumbuka nilichokuwa nawafundisha watu. Jioni moja nikachukua majivu ya jikoni, nikayachekecha kwa chujio la unga, nikatandaza tabaka jembamba mlangoni, kuzunguka banda, na juu ya ubao wa ukuta chini ya mabati. Asubuhi majivu ya chini yalikuwa kama nilivyoyaacha. Ya juu ya ubao yalikuwa na nyayo nne, duara ndogo za ukubwa wa kifuniko cha soda, vidole vinne vinne, hakuna alama ya kucha. Nikainua macho. Tawi la mparachichi lilikuwa limelalia bati, na kati ya bati na ubao palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Paka wa jirani alikuwa mnono kiasi kwamba hata tumbo lake lisingepita. Nilipeleka parachichi kilo tano na msamaha.

Kwa hiyo anza na majivu, usiku wa leo. Ukiona kucha zimechora mbele ya vidole, fikiria mbwa, mbweha, au kicheche yule mwenye mistari myeupe na harufu isiyosahaulika. Ukikuta udongo umefukuliwa chini ya ukuta na ubao umeng'olewa, huyo ni nyegere, na nyegere haombi ruhusa.

Halafu utazame wavu wako. Kama ni ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama asiingie. Tafuta wavu wa kuchomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, upigilie upande wa nje wa mbao na si ndani. Ziba pengo lote chini ya bati. Chini, kunja wavu kuelekea nje kama futi moja, uufukie. Mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta ulipo, akikutana na waya hana akili ya kurudi nyuma futi moja. Kata matawi yanayogusa paa. Na funga banda kabla ya adhana ya magharibi, maana umeandika "jioni" tu, na jioni ya mwanamke mwenye kazi naijua inavyosogea.

Mtego usihangaike nao. Ukimuua kanu huyo, mwingine atachukua eneo lake, na mwaka mzima kabla ya Jumatatu ile alikuwa anakulia panya wa ghala bila kukudai.

*Shangazi, nakusalimu kutoka Kitengela. Nyuma ya ploti yetu kuna kalvati kavu na mbweha amezaa humo. Watoto wa ploti wamewazoea, wanawapelekea mabaki ya ugali na mifupa. Baadhi ya wapangaji wanataka tufukie tundu kwa kokoto. Je, hawa wana kichaa cha mbwa? Tuite KWS, shirika la wanyamapori la Kenya?*
*Msimamizi wa ploti*

Kwanza tazama masikio. Kama ni makubwa kama viganja vya mtoto, huyo ni bweha masikio, chakula chake hasa ni mchwa na mende wa kwenye mavi ya ng'ombe. Mbuzi hana habari naye. Kama ana blanketi jeusi mgongoni lililochanganyika na mvi, huyo ndiye mbweha wa kawaida, na kuku wako kweli awaangalie.

Wa pili huyu huishi dume na jike kwa miaka, na mara nyingi watoto wa uzao uliopita hubaki nyumbani kuwalea wadogo zao. Kwa hiyo ukiona wakubwa watatu wanaingia kalvatini, si kwamba wanaongezeka kila siku; ni familia. Watoto hutoka shimoni wakiwa na wiki tatu hivi, na wakifika kama miezi mitatu wanaanza kuliacha. Mvumilie. Mwambie mpangaji wa kokoto kwamba kufukia watoto hai ni ukatili, na wanyamapori wana sheria yao Kenya, ya mwaka 2013. Tena mzazi anayewatafuta watoto wake hamtamtaka ukutani.

Ugali ukome leo. Hili nalisema kwa ukali. Mbweha akijua mkono wa mtoto unatoa mfupa, siku mkono ukija mtupu atauliza kwa meno.

Kuhusu kichaa: umenitajia mbweha, hukunitaja mbwa. Ploti ina mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa? Huku kwetu kichaa kinaishi hasa kwa mbwa wa kufugwa, mbweha hukipata kwao mara nyingi. Mchanjeni kila mbwa kuanzia miezi mitatu, mrudie kila mwaka. Mbweha kuonekana mchana si dalili peke yake, mwenye watoto hutafuta saa zote. Wa kuogopwa ni anayeyumba, anayetoa ute, anayekufuata bila woga au kung'ata mawe na matairi. Huyo ndiye wa kuwapigia KWS, msimkaribie. Na mtoto aking'atwa na mbwa au mbweha yeyote, hata mkwaruzo, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 za kutazama saa, siyo za kukisia, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msipake pilipili, msipake mafuta ya gari. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, daktari hana tena cha kufanya zaidi ya kumtuliza.

*Takwenya yeyo. Niko Simanjiro. Fisi wameingia zizini mara tatu tangu mvua iishe, wamechukua mbuzi saba. Vijana wanataka kuweka dawa ya wadudu kwenye mzoga wawamalize. Nipe jina la dawa yenye nguvu.*
*Baba wa boma*

Iko, ndivyo tunavyoitikia takwenya. Jina la dawa sikupi, na nitakueleza kwa nini, kisha tuzungumze zizi.

Mzoga wenye sumu hauchagui. Wa kwanza kufika si fisi, ni tumbusi, kwa kuwa wao wanaona kutoka juu. Mwaka 2019 kule Botswana waliokotwa ndege wa namna hiyo zaidi ya 530 kwenye mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu. Baada yao wanakuja mbwa wa boma lako, halafu mvua ikinyesha, mfereji. Nimewahi kuitwa kwenye boma ambako fisi mmoja alikufa, na mbwa watano, na ndama aliyelamba nyasi walipotapika. Kuwinda kwa sumu pia ni kosa kisheria Tanzania, lakini nakuambia kwa ajili ya yule ndama.

Zizi la matawi ya mgunga linaanza kuoza siku linapojengwa. Kila msimu miiba inakauka, inashuka, na fisi anajua pa kupitisha bega kabla yako. Tena mara nyingi haingii yeye. Huzunguka tu, mbuzi wanasikia harufu, wanapasua ukuta wenyewe na kutoka kumkuta nje. Zizi linalosimama vizuri kwenu ni lile la waya wa kusukwa ulioshikwa na miti ya jamii ya manemane, ile ambayo ukichomeka fimbo yake ardhini inachipua. Nguzo zinakuwa hai, zinanenepa kila mwaka, mchwa hawazili. Huitwa ukuta hai, na kwenu Simanjiro yapo. Nenda ukalione la mwenzako kabla hujanunua waya. Mlango uwe na nguvu kama ukuta, maana nimeona waya wa maana umefungwa kwa tawi moja.

Taa nazo husaidia. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa kando ya hifadhi ya Nairobi, akiwa na miaka 11 aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyosimama, wanaogopa inayohama, kama mtu anayetembea na tochi. Akafunga balbu za kuwakawaka kuzunguka zizi la baba yake. Ziweke, ila zisiwe badala ya ukuta. Mnyama anayekuja kila usiku huzoea.

Mbuzi akiuawa, piga picha nyayo na mzoga kabla ya kuchuna, toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori siku hiyohiyo. Kama mnyama na mfugo vimo kwenye kanuni, unaomba kifuta jasho. Jina lenyewe linakwambia: ni kukufuta jasho, si kukulipa mbuzi.

Na kama wapo vijana wanaosema fisi hawa wametumwa na mchawi: nimekesha mazizini miaka 31, sijaona hata mmoja mwenye tandiko.

*Shangazi, mimi ni wa Tanga ila naishi London. Kila Januari usiku kitu kinalia bustanini kama mtoto anayenyongwa. Mwaka huu mke wangu alishika simu apige polisi. Jirani kasema ni mbweha tu. Kweli?*

Kweli. Ni jike wa mbweha mwekundu, na Desemba hadi Februari ni msimu wao wa kutafutana. Machi au Aprili huzaa vitoto, labda chini ya kibanda cha bustani. Kichaa cha mbwa hakipo kwa mbweha wa Uingereza, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Mapipa ya taka yawe na kifuniko kinachobana. Paka wako na mbweha watatazamana na kila mmoja kushika njia yake. Sungura wa watoto ndiye wa kumwekea wavu; rudi juu, barua ya Mama Kuku, mbweha wa London naye hapiti nusu inchi. Mpe pole mke wako. Huo mlio hata mimi ningeshika simu.

*Shangazi, bundi amehamia darini kwangu Mombasa. Mama mkwe kakataa kulala hapa hadi aondoke. Nimfukuzeje?*

Panda darini na tochi, okota vile vidonge vya kijivu vilivyo chini ya anapokaa. Si kinyesi, ni mifupa na manyoya aliyotapika. Kiloweke kimoja kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu nusu saa, ukifungue kwa sindano mbele ya mama mkwe. Nilichofungua mimi kilikuwa na mafuvu matatu ya panya, meno yao ya mbele bado ya rangi ya machungwa. Hesabu vidonge, zidisha, umwonyeshe mama jibu. Akikataa bado, subiri kama ana makinda wapate kuruka, kisha ziba tundu kwa mbao.

Na akitafuta pa kwenda, mwelekeze Usa River. Ghala langu liko wazi upande wa mashariki.