Nanotyubu zaidi si unyonyaji zaidi: majibu kuhusu epoksi inayomeza maikrowevu

Nimetia nanotyubu (mirija midogo mno ya kaboni) asilimia 8 kwenye epoksi (resini inayogandishwa kwa kigumishi), na kibao kinanyonya maikrowevu kidogo kuliko kile cha asilimia 2. Nimekosea wapi?

Umetengeneza bati bila kukusudia. Wimbi hunyonywa likishaingia, na hapo limezuiwa mlangoni. Nanotyubu zikigusana kwa wingi, kibao kizima hupitisha umeme na uso wake hulirudisha wimbi lilikotoka. Hewa ina impidansi (ukinzani dhidi ya wimbi) ya omu 377. Uso wa kibao ukiwa mbali na kiasi hicho, sehemu kubwa ya wimbi hugota na kurudi. Kwa nanotyubu za kuta nyingi (mirija iliyo mmoja ndani ya mwingine), mwaga vibao vinne vya asilimia 0.5, 1, 2 na 3 kwa uzito, vipime vyote, kisha ndipo uamue. Ukilazimika kutumia kiwango kikubwa, panga matabaka: hafifu mbele, zito nyuma, karibu na sahani ya chuma ambayo kibao hulazwa juu yake.

Kibao cha gigahezi 10 kiwe na unene gani?

Hewani wimbi hilo lina urefu wa milimita 30. Tuseme permitiviti ya mchanganyiko wako (namba ya jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme; ikiwa kubwa, wimbi hufupika ndani yake) ni 9: kipeuo chake cha pili ni 3, kwa hiyo ndani ya kibao wimbi hufupika hadi milimita 10, na robo yake ni 2.5. Huo ndio unene. Wimbi linalorudi usoni na lile linalorudi kutoka kwenye sahani ya chuma nyuma hukutana yakiwa kinyume, yakafutana. Ukikosea ukamwaga milimita 2.8, kilele cha unyonyaji kinahamia karibu gigahezi 8.9, na utadhani nanotyubu ni mbovu.

Kwa gigahezi 2.45, kwa permitiviti hiyohiyo, unahitaji zaidi ya milimita 10. Ndiyo sababu wengine huchanganya na unga wa feraiti (kauri ya sumaku yenye oksidi ya chuma): unene unapungua, uzito unapanda.

Mchanganyiko wangu unabaki na mabonge meusi kama uji uliopikwa kwa haraka.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kibao cha sentimita 20 kwa 20, unene milimita 2.5, ni sentimita za ujazo 100, yaani takriban gramu 120 za mchanganyiko. Asilimia 1 ni gramu 1.2 tu, lakini gramu hizo huonekana nyingi kuliko uzito wake, kama rundo la masizi.

Zitawanye kwenye resini kabla ya kutia kigumishi. Ukishakitia, saa inakukimbiza. Mashine ya roli tatu ndiyo bora: pitisha mara kadhaa, ukipunguza nafasi kati ya roli hatua kwa hatua. Kama una probu ya ultrasoniki pekee, weka chombo kwenye maji ya barafu, washa sekunde 5, zima sekunde 5. Usizidishe kwa kudhani unasaidia, maana probu hukata nanotyubu, na zilizo fupi huhitaji kuwa nyingi zaidi ndipo ziunde mtandao. Chukua tone, libane kati ya vioo viwili, litazame kwa hadubini. Ukiona visiwa vyeusi kwenye maji meupe, rudia.

Kisha tia kigumishi kwa uwiano wa mtengenezaji, toa hewa kwa pampu ya vakyumu (chombo kiwe kikubwa, povu litapanda) na mimina papo hapo. Ukiuacha mchanganyiko umekaa, nanotyubu huanza kushikana upya.

Muuzaji ananiambia bidhaa yake ni "desibeli 30". Je, inanyonya kiasi hicho?

Muulize desibeli za nini. Karatasi ya alumini huzuia wimbi lisipite kwa zaidi ya hapo, na hainyonyi karibu chochote: inarudisha. Kwa kinyonyaji tunapima kinachorudi, kibao kikiwa kimelazwa juu ya chuma. Kurudi kukishuka kwa desibeli 10, asilimia 90 ya nishati imebaki ndani. Kwa 20, asilimia 99.

Nikipima ndani ya wevugaidi (bomba la metali la mstatili linaloongoza wimbi) ya saizi ya WR-90, permitiviti inatoka ndogo na hairudii.

Sampuli inacheza. Nafasi ya ndani ni milimita 22.86 kwa 10.16, na uga wa umeme husimama kwenye ule upande wa 10.16. Mwanya mwembamba wa hewa juu au chini ya sampuli ndio unaoshusha namba. Mwanya wa pembeni hauumizi sana. Chonga ikiwa kubwa kidogo, kisha isugue kwa msasa hadi iingie kwa kubana.

Sugua kwa maji, si kavu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imependekeza mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya mikrogramu 1 ya nanotyubu kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na kiasi hicho hakionekani kwa macho. Unga upimie ndani ya kabati lenye kichujio, vaa barakoa ya P100 (yenye kichujio cha chembe laini sana) inayobana uso, na meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio usiguse chumba hicho.